Msamaha wa karo vyuoni usingoje matokeo ya mwisho

Wazo la kuwasamehe karo wanafunzi wanaong'ara katika vyuo vya ufundi ni jema, na Mombasa bara ina kila sababu ya kuliunga mkono. Kipevu, katika eneobunge la Changamwe, pana gati za makontena na mafuta. Bamburi na Shanzu, upande wa Kisauni, pana mahoteli. Likoni nayo ina eneo maalumu la kiuchumi la Dongo Kundu. Kote huko huhitajika mafundi wa kuchomelea vyuma, wa umeme, wa mabomba na wa majokofu, ilhali wakazi wamelalamika miaka nenda miaka rudi kwamba kazi hizo huwaendea watu wa kwingine wenye vyeti.

Swali ni mwanafunzi bora atambuliwe lini. Zawadi ikingoja matokeo ya mwisho wa mwaka, itamfikia yule aliyeweza kulipa hadi mwisho. Alama za ufundi hupatikana karakanani. Kijana aliyerudishwa nyumbani wiki tatu kwa kukosa karo huwa amekosa wiki tatu za kushika vifaa, na hakuna daftari la kuazima litakalomfidia. Katika orodha ya matokeo ataonekana mzembe, kumbe ni umaskini tu.

Kaunti haiwezi kusema kwamba jukumu hili si lake. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa serikali za kaunti. Januari 2025, Msimamizi wa Bajeti, Dkt Margaret Nyakang'o, alipozitaka kaunti zisitishe basari za shule za upili na vyuo vikuu hadi ziafikiane na serikali kuu, suala hilo liliishia mahakamani. Mafunzo ya ufundi hayakuwa sehemu ya mvutano huo, kwa kuwa ni kazi ya kaunti yenyewe.

Kikwazo ni fedha. Kuanzia mwaka wa fedha wa 2017/18, serikali kuu ilizipa kaunti ruzuku maalumu kwa vyuo hivyo, ikikadiriwa kwa Sh15,000 kwa kila mwanafunzi. Mnamo 2021/22 ruzuku hiyo iliunganishwa na mgao wa jumla wa kaunti. Tangu hapo, hatima ya karo ya mwanafunzi wa ufundi huamuliwa katika bajeti ya kaunti, ambako hushindania fedha na hospitali, barabara na uzoaji taka.

Fedha zikiwa haba, utaratibu wa kuzigawa ndio utakaoamua iwapo msamaha huo una maana. Mosi, utolewe baada ya muhula wa kwanza, mwanafunzi angali darasani. Pili, kila chuo na kila fani ipewe nafasi zake, ili fundi cherehani asipimwe kwa kipimo cha fundi wa magari. Tatu, ugharimie pia vifaa na ada za mitihani ya ufundi ya serikali, kwa maana asiye na cheti hurudi kwenye vibarua hata akiwa stadi. Nne, vigezo na majina yabandikwe chuoni hadharani, upendeleo usipate pa kujificha.

Bila hayo, msamaha utakuwa pongezi kwa waliokwisha kufika, huku waliouhitaji zaidi wakiwa wameacha masomo kitambo.