Vina na Mizani Havitoshi Kulinda Shairi

Tumezoea kufundisha kwamba vina na mizani ni walinzi wa shairi: mnakili akidondosha silabi, mshororo huchechemea na sikio hushtuka. Ni kweli, lakini si kweli yote. "Pendo" likigeuzwa kuwa "tendo", mizani hubaki 2, kina hubaki kile kile, na maana huhama kimyakimya. Zama hizi ambapo tungo husafiri kutoka simu hadi simu, naona washairi tunahitaji mlinzi wa pili, naye ni heshi.

Heshi ni hesabu inayopokea maandishi ya urefu wowote na kutoa alama ya urefu usiobadilika. Ile iitwayo SHA-256 hutoa tarakimu na herufi 64, liwe shairi la beti 3 au utenzi wa beti 1,000. Lugha ya programu ya Python huja na maktaba ya kazi hiyo, hashlib, na mistari mitatu yatosha:

import hashlib
shairi = open("shairi.txt", "rb").read()
print(hashlib.sha256(shairi).hexdigest())

Badili herufi moja tu, uone jinsi alama inavyogeuka isitambulike. Tuziache MD5 na SHA-1, ingawa zimo katika maktaba hiyo hiyo: wataalamu walikwisha kuonyesha, mwaka 2004 na mwaka 2017, kwamba maandishi mawili tofauti yaweza kutengenezwa yakatoa alama moja.

Mlinzi huyu ni mkali, ila hana sikio. Katika neno "ng'ombe", alama ya ritifaa yaweza kuwa wima, au ikapindwa na programu ya kuandikia bila sisi kuiamuru. Kwetu neno ni lile lile. Kwa heshi, hayo ni maandishi mawili. Nafasi iliyosahauliwa mwishoni mwa mshororo nayo huhesabiwa. Kwa hiyo hatuna budi kukubaliana kwanza namna moja ya kuandika, jambo ambalo wapenzi wa lugha tulipaswa kulifanya hata bila kompyuta.

Nisingependa tuiite heshi "muhuri". Muhuri humtaja mwenyewe. Heshi haimjui mtunzi. Mwenye kuliharibu shairi naye aweza kulikokotolea alama yake mpya. Afadhali tuiite "alama ya kidole" ya maandishi: hututhibitishia kwamba nakala hii ndiyo ile, basi.

Ndiyo maana alama iwekwe mahali pengine kabla shairi halijasafiri: kwa mhariri, kwa rafiki mwaminifu, au katika ukurasa wa mwisho wa diwani iliyochapishwa. Wazee wetu waliotunga kwa kalamu ya mwanzi hawakuwa na njia hii, na leo twabishana juu ya maneno yao, nakala hii ikisema hivi na ile vile. Sisi tunayo. Tukiwaachia wajukuu ubishi ule ule, tutakuwa tumependa wenyewe.