Programu Huamsha Sikio, Haiumbi Sikio

Mwaka 2018 kampuni ya Teenage Engineering ya Stockholm, Sweden, ilianza kuuza sintesaiza ndogo iitwayo OP-Z. Sintesaiza ni kinanda kinachounda sauti kwa njia ya umeme badala ya nyuzi au pumzi, na hii ina urefu wa takriban sentimeta 21 tu. Ndani yake mlikuwa na maikrofoni tangu mwanzo, lakini mnunuzi hakuweza kuitumia kunasa sauti na kuipiga kama noti. Aliyetaka sauti ya filimbi ya mianzi, kwa mfano, alilazimika kuirekodi kwa chombo kingine, kisha kuihamisha kwa waya. Baadaye watengenezaji walitoa programu mpya. Wenye vyombo wakaitia ndani, na kinanda kilekile, bila kuongezwa hata skrubu moja, kikaanza kunasa sauti chenyewe.

Jambo hili lastahili kusomeshwa darasani, kwa sababu vijana wengi hutoa fundisho la makosa kutokana nalo. Huona kwamba siku hizi chombo si kitu, programu ndiyo kila kitu. Kwamba kasoro yoyote ya chombo itaponywa siku programu mpya itakapotolewa. Imani hiyo ni ya hatari kwa mwanafunzi wa sayansi, na ni ya hatari zaidi kwa mfuko wa mzazi wake.

Yafaa kwanza kueleza kinachotendeka. Sauti ni mtetemo wa hewa. Maikrofoni huugeuza mtetemo huo kuwa umeme unaopanda na kushuka. Kisha sehemu nyingine ya chombo, iitwayo kibadilishi, huupima umeme huo mara nyingi kila sekunde na kuandika kila kipimo kama tarakimu. Kila kipimo ni sampuli moja. Tarakimu hizo huwekwa katika kumbukumbu. Mpigaji anapobonyeza kitufe, husomwa upya na kurudishwa kuwa sauti. Zikisomwa kwa kasi maradufu, sauti hupanda oktava moja. Zikisomwa kwa nusu ya kasi, hushuka oktava moja. Hivyo mlio mmoja wa kengele waweza kugeuka kuwa kinanda kizima.

Swali kuu ni hili: vipimo vingapi vyatosha? Harry Nyquist, aliyefanya kazi Marekani, aliweka msingi wa jibu mwaka 1928, na Claude Shannon akalithibitisha kwa hesabu mwaka 1949: idadi ya vipimo kwa sekunde lazima izidi mara mbili ya mtetemo wa juu kabisa unaotakiwa kunaswa. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo kuanzia hezi 20 hadi karibu hezi 20,000. Ndiyo maana sahani ndogo za muziki zilizoanza kuuzwa mwaka 1982 zilitumia vipimo 44,100 kwa sekunde.

Mfano wa zamani utaonyesha uzito wa kanuni hiyo. Mwaka 1985 kampuni ya Casio ya Japani ilitengeneza kinanda kidogo cha bei nafuu, SK-1, kilichokuwa na maikrofoni ndani yake. Kilipima sauti mara 9,380 hivi kwa sekunde, kwa biti 8, yaani kwa ngazi 256 tu za ukubwa, na kumbukumbu yake ilitosha sekunde 1.4. Nusu ya 9,380 ni 4,690. Mwanafunzi akinasa kishindo cha ngoma kubwa kwa chombo hicho, atarudishiwa kitu kinachofanana na ngoma, kwa kuwa nguvu nyingi ya kishindo hicho imo katika mitetemo ya chini. Akinasa kayamba, atasikitika. Mchakarisho wa mbegu ndani ya kayamba umejaa mitetemo ya juu, na yote iliyo juu ya hezi 4,690 haiwezi kunaswa kwa uaminifu.

Tena mitetemo hiyo ya juu haipotei kwa adabu. Isipochujwa kabla ya kupimwa, hurudi ikiwa imejigeuza. Mlio wa hezi 6,000 ukipimwa mara 9,380 kwa sekunde, hutokea kama mlio wa hezi 3,380, ambao haukuwamo kabisa katika sauti ya asili. Ni kama gurudumu la gari linaloonekana katika filamu likizunguka kinyumenyume: gurudumu halikosei, ila picha zinazopigwa ni chache mno kwa mwendo wake. Uwongo wa namna hiyo ukishaingia katika tarakimu, kwa kawaida hakuna awezaye kuutenganisha na ukweli.

Hapa ndipo mpaka wa programu unapoonekana. Programu ya ndani ya chombo hukaa katika kumbukumbu isiyofutika umeme unapokatika, lakini inayoweza kuandikwa upya. Ikiandikwa upya, yaweza kuiambia sehemu iliyokuwa imelala ianze kazi. Yaweza kugawa kumbukumbu kwa njia nyingine, kuruhusu sauti iingie kwa waya wa USB ikiwa tayari ni tarakimu, au kukata na kupanga sampuli kwa ustadi zaidi. Lakini haiwezi kuweka maikrofoni pasipo na maikrofoni. Haiwezi kumpa mtu tundu la waya ambalo halikutobolewa, wala kurudisha mtetemo ambao kibadilishi hakikuupima. OP-Z yenyewe ni shahidi: pamoja na programu mpya, mwenye chombo anayetaka kuingiza sauti kutoka ala nyingine kwa tundu maalumu hununua kipande cha ziada na kukipachika ndani. Programu iliamsha sikio lililokuwamo. Sikio jingine lilihitaji kuundwa kiwandani.

Kumbukumbu nayo ina hesabu yake. Sauti ya mkondo mmoja yenye vipimo 44,100 kwa sekunde, kila kimoja cha biti 16, hula baiti 88,200 kila sekunde. Sampuli ya sekunde 6, kama zile zinazonaswa na OP-1, kinanda cha kampuni hiyohiyo kilichoanza kuuzwa mwaka 2011, hula baiti 529,200. Mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kukokotoa hayo kwa kalamu, na akishakokotoa hatadanganyika kwa urahisi.

Na udanganyifu upo. Mara nyingi chombo hutangazwa kwa yale kitakayoweza kufanya kesho, programu yake itakapokamilika. Wahenga walisema ahadi ni deni, lakini deni la namna hii halina tarehe ya kulipwa, na mdai yuko mbali. Kununua chombo kwa ahadi ya programu ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kinachopaswa kupimwa ni kile kinachoonekana na kusikika leo: sauti huingia kwa mlango gani, hupimwa mara ngapi, huhifadhiwa kwa muda gani. Kikiongezwa kitu baadaye, na kihesabiwe kuwa hisani.

Wako watakaosema kwamba vinanda vya namna hii ni anasa, na kwamba shule isiyo na mizani ya kutosha katika maabara haina haja ya kuvizungumzia. Neno hilo lina ukweli nusu. Hakuna shule inayohitaji kununua sintesaiza ili kufundisha somo hili. Simu ya mkononi hupima sauti kwa kanuni ileile, nayo pia huletewa programu mpya mara kwa mara. Mwalimu mwenye simu moja, kayamba moja na ubao ana vifaa vya kutosha.

Elimu ya sayansi haimtaki kijana auchukie ufundi mpya wala ausujudie. Yamtaka ajue ni sehemu gani ya chombo iliyoandikwa, nayo yaweza kuandikwa upya, na ni sehemu gani iliyoundwa, nayo haibadiliki kwa maneno. Akijua hilo, atainakili kazi yake mahali pengine kabla ya kutia programu mpya, atahakikisha umeme hautakatika katikati ya kazi hiyo, na hatatupa chombo kizima kwa sababu tu jirani kaleta kipya. Asiyejua atabaki kungoja programu nyingine, huku sauti ya kayamba lake ikiendelea kupotea.