MUTOTO ASIYESEMA, TUMUNYIME MUKATE?



Juma lililopita tulibishana sana katika darasa juu ya otisimu. Mwenzetu mumoja alisimama akasema: "Ile bugonjwa inatokaka mu chakula. Mukatoa mukate na maziwa, mutoto atasema." Wengi wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Munganga Leo Kanner alieleza otisimu katika Marekani mwaka 1943, akiandika juu ya watoto 11 waliojitenga na watu na kutaka mambo yawe yale yale kila siku. Baadaye wengine walifikiri kwamba gluteni ya ngano na kazeini ya maziwa ndizo zinazosumbua bongo. Mwaka 2008 wachunguzi wa Cochrane walitafuta majaribio yaliyofanywa vizuri. Walipata mawili tu, na watoto 35 wote pamoja! Hiyo haitoshi kuhakikisha kitu.

Na sisi wa Lubumbashi? Bukari ya mahindi haina gluteni, hata ya muhogo haina. Na maziwa, ni nyumba ngapi kwetu zinayanywa kila siku? Kama mukate na maziwa ndiyo shina, otisimu ingekuwa ya matajiri tu. Lakini mwaka 1978 Victor Lotter aliandika juu ya watoto wa namna hii aliowaona katika inchi kadhaa za Afrika, hata Zambia, jirani zetu wa bukari.

Kuko watoto ambao ngano inawaumiza tumbo kweli. Hao munganga awapime, sisi tusibahatishe.

Sasa nieleze kwa nini sikupiga makofi. Karibu na kwetu, Katuba, kuko mutoto wa miaka sita asiyesema. Anakula bukari kavu na mukate, basi. Sombe anakataa, samaki anatupa. Mama yake alimupeleka kwa watu fulani wa maombi. Wakamwambia: "Huyu iko na bulozi. Afunge siku tatu." Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumushitaki mutoto bulozi, lakini nani aliikumbuka siku ile? Alirudi amekonda, miguu inatetemeka, na hasemi vilevile.

Mutu wa gluteni na mutu wa bulozi hawafanani, najua. Mumoja anasoma vitabu, mwingine anaogopesha wamama. Lakini wote wawili wanaanza kwa kuondoa sahani. Mutoto huyu mukimunyima mukate, anabaki na nini?

Yule mwenzetu nimemualika kwetu Jumamosi. Tutakwenda pamoja kumuona akila.