Zabibu: panga siku ya kuvuna kabla hujanunua mche

Kijana akipita Dodoma, anarudi Babati na wazo la zabibu. Si wazo baya. Ila wengi mnaniuliza bei ya miche, wakati swali la kwanza ni hili: utavuna mwezi gani, na nani atapokea mzigo?

Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi, wakavuna mara moja tu, mwishoni mwa kiangazi chao. Kwetu haulali. Mkasi ndio unaoamua msimu: ukipogoa leo, unavuna baada ya miezi minne hivi. Ndiyo maana Dodoma wanavuna mara mbili, Februari hadi Machi na Agosti hadi Septemba.

Kwa zabibu za mvinyo, mimi nasema lenga Agosti na Septemba. Mavuno ya Februari yanakutana na mvua: ubwiri unaingia, matunda yanapasuka, sukari inashuka. Kiangazi kinadai umwagiliaji, sawa, hiyo gharama ipo.

Halafu zabibu si ndizi jamani, ukishaikata haiivi tena. Lori likija mapema unavuna chachu, likichelewa zinaozea shambani, na hapo bei unapangiwa. Kwa hiyo nenda kituo cha TARI Makutupora uulizie aina, kisha ingia kiwandani uulize wanapokea lini na wanataka sukari kiasi gani. Hujapata mkataba wa maandishi? Panda robo eka ujifunze, na hela ya mkopo usiiguse.