Shahidi Mwenye Kamera

Neno shahidi lina maana mbili. Kwanza, ni mtu aliyeona tukio kwa macho yake akawa tayari kulieleza. Pili, ni mtu aliyekufa kwa ajili ya imani au haki. Filamu ya hali halisi Mo & Me, ya mwaka 2006, yatufunza jinsi maana hizo zinavyokaribiana.

Inasimulia maisha ya Mohamed Amin, mpiga picha mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, ambako alianzisha kampuni ya Camerapix mwaka 1963. Aliyapiga picha Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964; miaka miwili baadaye alifungwa kisiwani humo. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa ulimpotezea mkono, naye akarejea kazini. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege aliyopanda ilitekwa nyara, ikaanguka baharini Ngazija, kisiwa kinachoelekeana na pwani yetu. Alifariki humo. Msimulizi ni mwanawe, Salim, ambaye hafichi upweke wa mtoto ambaye baba yake yu safarini daima.

Gharama hiyo ilileta nini? Maonyo kuhusu njaa ya Ethiopia yalikwisha kutolewa kabla ya Oktoba 1984, lakini walimwengu walinyamaza. Picha za Amin ziliporushwa na BBC, misaada ikamiminika. Onyo hupuuzwa, ushahidi wa macho ni mgumu kuukana.

Nasi wa kaskazini mwa Cabo Delgado tunawahitaji mashahidi. Tangu Mocímboa da Praia iliposhambuliwa tarehe 5 Oktoba 2017, mamia ya maelfu ya watu wamehama makwao. Wanahabari wageni huja wakaondoka. Wa hapa hubaki na hatari. Ibraimo Mbaruco, wa redio ya jamii ya Palma, alitoweka tarehe 7 Aprili 2020. Ibara ya 48 ya Katiba ya Msumbiji inatambua uhuru wa kujieleza na haki ya kupata habari, lakini ibara haina mikono. Hutetewa na raia wanaouliza na kudai majibu.

Kwa maoni yangu, kumsifu shahidi baada ya kufa ni rahisi. Wajibu wetu ni kumlinda akiwa hai, ili shahidi wa maana ya kwanza asilazimike kuwa shahidi wa maana ya pili.