Baiskeli Mbili za Kristina Vogel

Ardhi ya Ifakara ni tambarare, na baiskeli imezoeleka huko tangu zamani. Mwanamke wa bonde la Kilombero huiendesha kwenda shambani, sokoni na kliniki, mtoto akiwa mgongoni na kiroba cha mpunga kikiwa kwenye keria, na hakuna anayegeuka kumshangaa. Kwa hiyo habari za mwanamke aliyejipatia riziki kwa kuendesha baiskeli hazihitaji utangulizi mrefu, ijapokuwa mwenyewe ni Mjerumani na baiskeli yake haikuwa na keria wala breki.

Kristina Vogel alizaliwa Kirigizistani mwaka 1990, akapelekwa Ujerumani angali mchanga. Mchezo wake ulikuwa mbio fupi za uwanjani, zinazokimbiwa kwenye njia ya mviringo yenye kingo zilizoinuka kama za bakuli, kwa kasi ipitayo kilomita 60 kwa saa. Alitwaa dhahabu ya Olimpiki London mwaka 2012 pamoja na Miriam Welte, akatwaa nyingine peke yake Rio de Janeiro mwaka 2016, na akajikusanyia mataji 11 ya dunia. Alikuwa pia askari wa polisi ya shirikisho, ajira iliyompa kipato na nafasi ya kufanya mazoezi. Wanariadha wa Tanzania waliolelewa na Jeshi, Polisi au Magereza wanaufahamu vema utaratibu huo.

Tarehe 26 Juni 2018, akiwa mazoezini katika uwanja wa Cottbus, aligongana na mwendesha baiskeli mwingine. Ugwe mgongo, yaani ule mshipa mkuu wa fahamu upitao ndani ya pingili za mgongo, ulikatika kwenye pingili ya saba ya kifua. Hajatembea tena. Mwaka uliofuata alichaguliwa kuwa diwani katika mji wa Erfurt, na sauti yake husikika kwenye televisheni akichambua mbio za wengine.

Habari hizi kwa kawaida husimuliwa kama habari za ujasiri. Ujasiri anao, lakini sifa hizo zimezidi, nazo humdhulumu mgonjwa mwingine ambaye hakupona vidonda vyake, kana kwamba alikosa moyo tu. Ajali ya Cottbus haikuwa ya kwanza kwa Vogel. Mwezi Mei 2009, akiwa na umri wa miaka 18, aligongwa na gari dogo la abiria barabarani. Alivunjika pingili ya mgongo, akawekwa katika usingizi wa dawa kwa siku mbili. Ugwe wenyewe ulisalimika, naye baada ya miaka mitatu akawa bingwa wa Olimpiki. Moyo ulikuwa uleule mara zote mbili. Kilichotofautiana ni hali ya kamba laini isiyozidi unene wa kidole.

Hapo ndipo habari hii inapofika Kilombero. Mfupa unaweza kuvunjika na ugwe usikatike, kisha ukaharibiwa na mikono ya wasaidizi wenye nia njema. Anayeanguka na baiskeli baada ya kugongwa na bodaboda mara nyingi huinuliwa kwapani, akakalishwa, akapewa maji, kisha akapakiwa mshikaki kati ya dereva na ndugu anayemshikilia, kichwa kikining'inia. Tangu daraja la mto Kilombero lilipofunguliwa, mwaka uleule wa 2018, majeruhi wa ng'ambo ya Lupiro hasubiri tena kivuko. Faida hiyo ni kubwa, lakini kasi ya kufika haimfai mtu anayefika akiwa amekunjwa. Aachwe alale chali palepale, mtu mmoja ashike kichwa chake kilingane na kiwiliwili, na kama lazima ageuzwe, watu wanne wamgeuze kwa pamoja kama gogo, kisha abebwe juu ya ubao au mlango. Madereva wa bodaboda na bajaji ndio wanaofika kwanza. Mafunzo yaanze kwao, kabla ya semina za hotelini.

Sehemu ngumu zaidi huja kimya, wiki kadhaa baadaye. Mwenye jeraha la ugwe hahisi maumivu ya kulalia upande mmoja, hivyo nyama hufa chini yake bila taarifa. Kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku pia. Akiwa kitini ajiinue mara kwa mara. Kibofu kisichojimwaga hurudisha mkojo na kuharibu figo, hivyo hufundishwa kutolewa mkojo kwa mpira safi kila baada ya saa nne hadi sita. Haya hayahitaji mashine. Yanahitaji muuguzi aliyepewa muda wa kumfundisha mke, mama au dada kabla ya ruhusa kutolewa, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii atakayepita Mlimba au Mang'ula kukagua makalio na visigino vya mgonjwa, si kumjulia hali tu. Vogel alikaa hospitalini kwa miezi kadhaa akifundishwa mambo ya namna hiyo. Vidonda vya mgandamizo na maambukizi ya mkojo huwaua watu ambao ajali haikuwaua.

Kisha kuna kiti mwendo. Watu wengi wa Tanzania hukiita baiskeli, na huenda wamekitaja kwa usahihi kuliko wataalamu, maana kina tairi, tyubu, spoku na gololi zilezile. Kiti cha msaada kilichoundwa kwa sakafu ya hospitali ya Ulaya hukwama kwenye tope jeusi la masika, gurudumu lake dogo la mbele likizama kwanza. Chuo cha TATCOT kilichopo KCMC, Moshi, hufundisha mafundi wa viti hivyo, lakini Moshi ni mbali. Ifakara imejaa mafundi wa baiskeli, karibu kila njia panda, wenye spana na mikono iliyozoea. Hospitali za bonde ziwape mkataba wa matengenezo ya magurudumu, wataalamu wa fiziotherapia wakibaki na upimaji wa kiti na mto wa kukalia, ambao fundi hapaswi kuugusa. Na walipwe kwa kila kiti wanachotengeneza, kama wanavyolipwa kwa baiskeli nyingine.