Padre aliyetupwa mtoni, na ulimi wangu mimi

Padre mmoja niliyesoma naye seminari, ambaye kwa sasa anafanya utume Ujerumani, alinipeleka Prague, mji mkuu wa Jamhuri ya Czech. Alisema siwezi kufika huko nikarudi nyumbani bila kuvuka Daraja la Karoli.

Ni daraja la mawe, refu kupita mita 500. Ujenzi wake ulianza mwaka 1357 chini ya Karoli IV, baada ya mafuriko ya 1342 kubomoa lile la awali. Magari hayapiti. Wanaopita ni watu, na wamejaa kama siku ya mnada: wachoraji, wapiga muziki, vijana na simu zao. Pande zote mbili zimesimama sanamu 30, nyingi za watakatifu. Nilitaka nisali kidogo; nikawa nasukumwa tu.

Mbele nikaona foleni. Watu walikuwa wanapokezana kugusa bamba la shaba chini ya sanamu ya Mtakatifu Yohane Nepomuk, iliyowekwa mwaka 1683. Shaba yote imekuwa nyeusi, lakini pale panapoguswa panang'aa kama kalisi. Kiongozi wa watalii akawaambia wageni wake: gusa, utapata bahati. Wakagusa, wakapiga picha, wakaenda zao.

Nilisogea nione kilichochongwa pale. Mtu anatupwa kutoka darajani. Mtu huyo alikuwa padre, makamu wa Askofu Mkuu wa Prague. Machi 20, 1393, kwa amri ya Mfalme Wenceslaus IV, alitupwa katika mto Vltava kutoka daraja hilohilo, baada ya kuteswa. Mapokeo yanasema mfalme alitaka kujua malkia ameungama nini, na padre akakataa kufungua kinywa. Niwe mkweli kwenu: nyaraka za wakati ule zinataja ugomvi wa mfalme na askofu mkuu juu ya uteuzi wa abati, na habari ya malkia iliandikwa miongo kadhaa baadaye. Hata hivyo, alipotangazwa mtakatifu mwaka 1729, waamini walikwisha kumshika kama shahidi wa siri ya kitubio, na ndivyo anavyoombwa mpaka leo.

Zamu yangu ikafika. Nikanyoosha mkono, nikaurudisha.

Nilikumbuka Jumapili moja, miaka kadhaa iliyopita. Nilihubiri juu ya msamaha katika ndoa, nikatoa mfano wa mama aliyekuja ofisini kuniomba ushauri. Sikuyasikia katika kitubio, la hasha. Na sikutaja jina wala kigango. Nilijiona mwangalifu sana. Waamini walicheka pale nilipotaka wacheke. Yule mama alikuwa amekaa benchi la tatu. Hakucheka. Nilimfuata nyumbani kumwomba radhi. Akanipa kiti, akaniletea chai, akasema, "Nimekusamehe, Baba." Lakini ofisini kwangu hakuingia tena.

Siri ya kitubio inalindwa na sheria ya Kanisa: padre anayeivunja waziwazi anatengwa na Kanisa papo hapo. Ila yale mengine, tunayoambiwa sebuleni, kwenye jumuiya ndogondogo, kwenye vikao vya kusuluhisha ndoa, hayana adhabu inayoyalinda. Tunayabeba mpaka sokoni tukisema, "Jamani, tumwombee fulani." Ndugu yangu, unajua mwenyewe ni maombi mangapi ya namna hiyo ni umbea uliovaa rozari. Mithali 11:13 inamweka msengenyaji upande mmoja na mwenye kusitiri siri upande wa pili, wala haituachii mahali pa katikati pa kusimama. Kisha tunashangaa vijana wetu wanapobeba mizigo yao peke yao, hata kitubio wakakiogopa. Watamwamini padre gizani, ikiwa mimbarini wamemsikia akisimulia ya watu?

Mwenzangu aliniuliza mbona sikugusa. Nikamwambia mikono imepata baridi.

Baadaye tulipanda hadi Kanisa Kuu la Mtakatifu Vitus, alikozikwa Yohane katika kaburi la fedha. Watu walikuwa wanapita wakipiga picha. Nilisimama pembeni, nikamtaja yule mama kwa jina lake, moyoni.